Kisu Kisiguse Shingo

Leokadia alipoanguka, wanawake walidhani ni majonzi tu. Walimpepea kwa pindo la kanga, wakamtia maji mdomoni. Alipofumbua macho alinyoosha kidole kwenye meza kubwa ya ukumbi wa kanisa, akasema, "Huyu si Kalokola. Mmenikunjia shetani."

Juu ya meza alilala mumewe, wa karatasi. Urefu ulikuwa wake, mabega yalikuwa yake, na mkono wa kushoto uliopinda tangu utotoni ulikuwa umepinda vilevile. Alikunjwa kwa karatasi nene ya magubi ya mgomba, yaliyochemshwa, yakatwangwa, yakaanikwa mpaka yakawa magumu kama ngozi. Kila sikio la kugundishia lilipakwa gundi ya muhogo kwa mikono ya wanawake waliomjua akiwa hai. Lakini mishono! Mmoja ulipanda katikati ya pua. Shingoni ilizunguka mingi, kama ya kuku aliyechinjwa halafu akaonewa huruma akashonwa. Na chini ya taya, kulia na kushoto, palituna mafundo mawili, kila moja kama yai la bata.

"Kalokola alikuwa na rovu?" Leokadia aliuliza. "Nimelala ubavuni mwake nisiijue shingo yake?"

"Si yeye, mwanangu," Jeneroza alimwambia, akimfuta uso. "Ni programu. Hii Ganda ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa maboksi. Haijui mtu."

Jeneroza alikuwa mwenyekiti wa wakunjaji wa Nyabihanga. Mjane, mtu wa kanisani kila alfajiri, na akisema jambo wanawake hawakumwuliza mara mbili. Kazi ya kikundi chake ilikuwa moja. Vijana walikwenda Juu, kule ambako Kampuni ilizoa vyuma vya kale vinavyoizunguka dunia, na waliofia huko hawakurudishwa. Kilichorudi ni nakala. Vazi la kazi lenyewe lilipima mwili wa mtu palepale alipokata roho, kila tuta na kila bonde, na vipimo hivyo vikashuka kwa familia. Mababu walikuwa wakimzikia aliyepotea kigogo cha mgomba ili kaburi lisikae tupu. Wajukuu wao walimzikia karatasi ya mgomba yenye umbo lake.

Kulipata umbo kulihitaji programu ya kukunjua. Inauchukua mwili, inaufungua uwe vipande bapa, mashine inavikata, wanawake wanakunja na kugundisha mpaka mtu arudi. Lakini ulikuwapo mwiko. Mwili wa marehemu haukutazamwa kwenye kioo cha kompyuta. Editruda, binti aliyesomea mashine mjini akarudi nyumbani, alikifunika kioo kwa kitenge na kuacha wazi ukanda mwembamba wa chini, pale yanapopita maandishi. Vipande vikitoka vilikuwa bapa, na kipande bapa hakimwaibishi mtu. Wala hakisomeki.

"Ma Jeneroza," Editruda alisema siku hiyo, amesimama mlangoni pa stoo ya mashine, "Ganda inakata kwa sababu kitu cha mviringo hakilali bapa hivihivi. Wewe unafunikaje sufuria ya ndizi kwa jani?"

"Nalibana pembeni."

"Likijikunyata?"

"Nalichana kidogo."

"Na kama hutaki kulichana?"

"Unatafuta sufuria isiyo na kitambi!" alidakia bibi mmoja kutoka nyuma, na ukumbi ukacheka. Hata Leokadia alicheka, machozi yakiwa bado shavuni.

"Hapohapo," Editruda alisema. "Ganda inachana jani. Sasa iko nyingine inaitwa Stara, imeletwa bure kwa vikundi vyote vya makanisa. Hiyo haichani pale ulipoikataza. Inabadilisha sufuria."

"Nani kaitengeneza?" Jeneroza aliuliza.

"Haisemi. Imeandikwa tu, kwa heshima ya marehemu."

"Basi ni mtu mwenye huruma. Iwashe."

Stara haikuonyesha mwili hata kidogo. Ilionyesha mwanasesere mweupe asiye na sura, ikauliza ni wapi kisu kisiguse. Kwa kuwa huyo hakuwa mtu, Jeneroza alithubutu kuinua kitenge. Alipaka kwa kidole paji, mashavu, pua, kidevu. Akasita kidogo, kisha akateremka mpaka kwenye mitulinga, akapaka shingo yote, mbele na nyuma. Mwanasesere akawa na rangi ya kijani kutoka utosini mpaka mabegani.

Maandishi yakapita chini. Editruda akayasoma kwa sauti. "Umbo limesawazishwa ili kutii sehemu ya heshima. Je, niendelee?"

"Na nani kati yetu asiyehitaji kusawazishwa?" Jeneroza alisema. "Endelea."

Kalokola wa pili alitoka kama bwana harusi. Uso mmoja mzima usio na mshono, shingo nyororo kama mtungi uliong'arishwa kwa jiwe. Leokadia alimbusu paji, akasema, "Sasa amerudi." Yule wa kwanza walimkata vipande wakampeleka jikoni nyuma ya kanisa. Karatasi ya magubi inashika moto haraka. Chai ya msiba ilichemka mapema siku ile.

Tangu hapo Nyabihanga hawakutumia tena Ganda. Akija mwanamke mgeni kujifunza kukunja, jambo la kwanza aliloambiwa na Jeneroza, kabla hata ya kuonyeshwa gundi, lilikuwa hili: kisu kisiguse shingo.

*

Mwaka uliofuata walimkunja Rweyongeza, kijana pekee wa kiume wa Adventina.

Walimlaza juu ya lubugo, nguo ya magome, palepale ukumbini, na familia ikaitwa kumvisha kabla ya sala. Adventina aliingia taratibu kama anayeogopa kumwamsha. Alimtazama mwanawe kichwa mpaka miguu. Kisha mabega yake yakashuka, akavuta pumzi ndefu.

"Hana hata mkwaruzo," alisema. "Waitu, jamani, mtazameni. Nilikuwa nikimwona usingizini ameungua, amevunjika. Kumbe aliitwa tu."

"Aliitwa tu, Ma," alisema Alinda, binti yake, na kumshika kiuno. Alinda alikuwa na viatu vipya vya safari miguuni, nao wanawake walikuwa wameviona tangu getini.

"Viatu hivyo vya msibani au vya harusini?" mmoja alimchokoza.

"Vya Juu," Alinda alijibu. "Huko hakuna tope, shangazi. Nikirudi nitawaletea kipande cha mwezi mkisugulie miguu."

Kampuni ilikuwa na desturi ya kumpa nafasi ya aliyekufa ndugu yake mmoja, akiitaka. Alinda aliitaka tangu siku habari ilipofika. Mama yake alikataa, akakataa tena, akagoma kula. Sasa gari la kumchukua binti lilikuwa njiani, lingefika baada ya mazishi, na watu walijiuliza ni nini kilichomgeuza Adventina.

Alilisema mwenyewe, ameketi kando ya mwanawe, akizungumza na Jeneroza kama mtu anayeshukuru. "Jana uliponiita nije nichungulie uso wake, nilisema moyoni, kama kazi ile ndiyo iliyomwua, mwili utasema. Nimeuona. Umetulia. Kifo kilikuwa cha Mungu. Sasa nimzuie mwenzake kwa lipi?"

Jeneroza aliinamisha kichwa. Alisikia raha kidogo, ile raha ya mtu ambaye kazi yake imempa mwenzake usingizi, naye aliiombea msamaha palepale kwa sababu aliijua inafanana na majivuno.

Kisha Adventina akafungua mfuko uliorudi kutoka Juu, akatoa kola.

Kila mtu wa Juu alivaa kola ya pumzi. Pete ya kitambaa na chuma, imekaa chini ya taya mchana na usiku, ikipeleka dawa mwilini ili damu isipande yote kichwani, maana huko hakuna chini wala juu. Watu wa Nyabihanga walizijua, kwa kuwa ndizo pekee zilizorudi zikiwa zimemgusa mtu. Ilijipanua au kujibana kufuata shingo, na mwenyewe akifa ilibaki palepale, haipanuki wala haibani tena. Familia nyingine ziliitundika ukutani. Adventina alitaka mwanawe azikwe nayo.

"Nilimzaa bila nguo," alisema, "lakini hii ameivaa kwa jasho lake."

Aliifunga. Kola ikateleza ikalala kwenye mifupa ya mabega. Akaipandisha, ikateleza tena.

"Amekonda," Adventina alisema polepole. "Mwanangu amekonda akiwa amekufa."

"Karatasi husinyaa, Mama Rwe," alisema mwanamke mmoja. "Gundi ikikauka." Naye bila kungoja akachomoa pamba kwenye boksi la vifaa, akaisokota, akaanza kuitia kwenye mwanya. Mwingine akamsaidia. Walikuwa wakarimu, walikuwa wepesi wa mikono. Pamba ikajaa mpaka kola ikakaa vizuri, na kwa mbali usingejua.

Jeneroza hakusaidia. Alikuwa ameingiza vidole vyake kwenye mwanya kabla ya pamba. Viliingia vitatu upande wa kulia, vitatu upande wa kushoto. Mbele, kwenye koo, na nyuma, kwenye kisogo, hata ukucha haukupita.

Karatasi haisinyai ubavuni tu.

Alisimama. Akaivua kola taratibu, pamba ikabaki imeizunguka shingo, akasema anakwenda kuifuta na kutazama maji ya chai, jambo ambalo lilikuwa uongo, na aliposikia sauti yake ikisema neno hilo, chai, alitoka haraka.

*

Editruda alikuwa stoo akifagia mabaki ya karatasi. Kitenge kilikuwa kwenye kioo kama kawaida.

"Nikunjulie shingo ya Rweyongeza," Jeneroza alisema.

"Tena? Ilitoka vizuri."

"Kwa Ganda. Shingo peke yake. Usiikataze kukata mahali popote."

Binti aliacha ufagio. Hakuuliza kwa nini. Hilo Jeneroza aliliona, kwa maana alikuwa mtu wa kuona, na Editruda kwa kawaida aliuliza kwa nini hata akiombwa kijiko. Mashine ilikata. Vipande vilitoka vingi, vyembamba, vimechongoka kama majani ya mwanzi, na masikio madogo ubavuni. Vilivyolala mezani havikufanana na kitu chochote.

Walikunja pamoja. Mstari wenye nukta ulikunjwa kwenda ndani, mstari mzima kwenda nje, sikio chini ya ubavu, kidole kimebana mpaka gundi ishike. Kazi hiyo haitaki haraka, nao hawakuwa na muda. Kwanza likatokea koo. Kisha upande wa kushoto vile vipande vyembamba vilipofungana vilianza kupanda, kila kimoja kikimsukuma mwenzake nje, mpaka vikafunga kitu cha mviringo chini ya taya. Upande wa kulia vilevile, kikubwa zaidi.

Jeneroza alitoa mfukoni kola aliyotoka nayo. Aliivisha ile shingo ya karatasi. Ilishika kotekote, bila pamba, kama pete kwenye kidole cha mwenyewe.

 Nje mtu alikuwa akiimba akijaribu sauti ya kwaya.

"Siyo Ganda iliyomtia Kalokola mafundo," Jeneroza alisema hatimaye.

"Hapana, Ma."

"Ulijua?"

Editruda alichukua ufagio tena, akaushika tu. "Ganda haiongezi kitu. Haina akili ya kuongeza. Nilikwambia, inachana jani. Lakini Leokadia alikuwa akilia, na wewe ulisema ni programu, na mimi nilitaka iwe programu." Aliuegemeza ufagio ukutani. "Stara kila mara huandika. Umbo limesawazishwa. Mwanzoni nilikusomea. Baadaye niliona unachoka, nikaacha kusoma. Nikawa nabonyeza tu."

"Sikuchoka. Nilikuwa nasema endelea kabla hujamaliza."

Jeneroza aliketi juu ya mafungu ya karatasi. Aibu ilimjia. Alifikiria majina. Aliwakumbuka wote waliopita kwenye meza ile tangu Kalokola, jinsi shingo zao zilivyokuwa nyororo, jinsi watu walivyosema hakuna mikono kama ya Jeneroza. Alifikiria wadogo zao na shemeji zao waliopanda gari baada ya mazishi kwa sababu marehemu alionekana ametulia. Na ule mwiko wa kitenge. Kama mmoja wao angetazama kioo mara moja tu, kwa aibu yote iliyomo katika kutazama, angeona. Walikuwa wamemwonea marehemu haya kuliko walivyomsikiliza.

"Tumwambie Alinda peke yake," Editruda alisema. "Tumwite hapa nyuma, tumwonyeshe, asipande gari. Mama yake azike kwa amani. Halafu sisi tutapeleka habari mjini, polepole, kwa watu wanaohusika."

Lilikuwa neno zuri. Jeneroza alilipenda mara moja, na kwa sababu alilipenda mara moja akalitilia shaka. Alinda angecheka. Angesema programu ya maboksi hiyo, Ma, mbona sisi sote tuliambiwa hivyo na wewe. Na nani angempinga, wakati mwili uliolala ukumbini, umekunjwa na mwenyekiti mwenyewe, ulikuwa ukishuhudia kinyume? Mchungaji naye alikuwa pale nje. Aliwaza kumwendea kwa shauri, kisha akajua kwamba hakuwa anatafuta shauri. Alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia anyamaze.

"Nipe kisu cha karatasi," alisema.

"Ma."

"Kile kidogo. Chenye makali."

*

Mchungaji alikuwa ameshafungua kitabu. Watu walijaa mpaka kwenye madirisha, na kifuniko cha sanduku kiliegemea ukuta. Nyabihanga sanduku likishafungwa halifunguliwi.

Jeneroza alipita katikati yao, shingo ya karatasi ikiwa imefichwa chini ya kanga. Alipofika mbele, watu walimpisha kwa heshima ile waliyokuwa wakimpa siku zote, nayo heshima hiyo ilimchoma.

"Mchungaji, naomba unisamehe. Sala isianze bado." Akamgeukia Adventina. "Mama Rweyongeza, huyu niliyekukunjia siye."

Adventina akainua uso.

"Unasemaje?"

"Mwili ni wake, mikono ni yake. Shingo siyo. Nilikataza kisu kisiguse shingo, na ile programu ilitii kwa kuibadilisha. Iliniambia inabadilisha. Niliisikia. Nikasema endelea."

Adventina alitazama uso wa mwanawe, kisha wa Jeneroza. "Wewe una homa."

"Sina."

"Basi umetumwa. Nimelala usiku mmoja. Mmoja tu, tangu habari ije. Na wewe uliyenipa huo usingizi umekuja kuuchukua?"

"Ndiyo," Jeneroza alisema. "Nimekuja kuuchukua."

Akatoa shingo ya karatasi chini ya kanga. Watu wa mbele walirudi nyuma. Mtu akataja jina la Yesu. Jeneroza alimnyooshea Adventina kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu mtoto, na kwa muda mrefu Adventina hakuipokea. Jeneroza aliendelea kusimama vile, mikono imenyooka, akitazamwa.  Hakuna aliyemsaidia, wala hakutaka.

Alinda ndiye aliyenyoosha mkono. Mama yake akampiga kofi mkononi. "Usiguse!" Kisha akaichukua yeye.

Aliishika kwanza kama kitu kichafu. Halafu vidole vyake vikaanza kutembea. Vilipita kwenye koo, vikapata kile kikoromeo kidogo ambacho Rweyongeza alikuwa nacho tangu abalehe, kilichoelekea kidogo kulia. Vikasimama hapo. Uso wa Adventina ukabadilika. Vidole vikaenda ubavuni, vikapanda juu ya fundo moja, vikalizunguka, vikaenda kwa la pili.

"Haya ni nini?"

"Sijui ni nini, ndugu yangu. Najua yako chini ya kola. Na najua aliyekufa mwaka jana alikuwa nayo."

"Yalimwuma?"

Jeneroza alitafuta neno la kumfariji, akalipata, akaliacha. "Sijui."

Adventina aliikumbatia ile shingo. Nje gari lilipiga honi, mara moja, kwa adabu. Lilikuwa limefika kabla ya wakati. Alinda akageuza kichwa mlangoni, na mkono wake, bila yeye kujua, ukawa umepanda chini ya taya lake mwenyewe.

"Kata," Adventina alisema.

"Mama Rwe, naweza kuiweka kando yake tu, ndani ya sanduku."

"Ulimvisha shingo ya uongo kwa mikono yako. Ivue kwa mikono yako. Nakutazama."

Jeneroza alipiga magoti mbele ya lubugo. Alikuwa amekata karatasi maisha yake yote ya ujane, na hajawahi kukata hapo. Kisu kiliingia chini ya sikio la kushoto kwa sauti ndogo kavu. Mwanamke fulani akaanza kuomboleza, sauti ya juu, kama anavyoombolezwa mtu anapokata roho, na wengine wakamfuata, hata kichwa kilipotengana na mabega ukumbi mzima ulikuwa ukilia upya. Pamba ikadondoka. Wale wawili walioiweka waliitazama sakafuni, hawakuiokota.

Editruda alikuja na gundi. Waliweka shingo ya kweli, yenye mishono yake yote, nayo ikakaa. Adventina akaipokea kola kwa Jeneroza, akaifunga mwenyewe. Ilishika. Alikaa akiitazama ilivyoshika.

Alinda alikwenda mlangoni. Watu walimsikia akizungumza na dereva, sauti ya chini, halafu ya juu. "Mwambie aliyekutuma aje azike na sisi kwanza! Halafu aniambie nini hiki!" Mlango wa gari ukafungwa. Injini haikuwaka mara moja, lakini baadaye iliwaka, na aliporudi ndani alikuwa peku, viatu mkononi. Alikaa sakafuni karibu na miguu ya kaka yake. Mama yake hakumtazama, ila alinyoosha mkono akamshika shingo, akauacha hapo.

Mchungaji alifungua tena kitabu. Kabla hajasoma, mtu alisimama kutoka benchi la nyuma.

Alikuwa Leokadia.

"Ma Jeneroza. Na Kalokola?"

Jeneroza alikuwa bado magotini. Alijua tangu stoo kwamba swali hili lingekuja, na alikuwa ameombea lije siku nyingine.

"Tulimwona, Leokadia. Yule wa kwanza ndiye aliyekuwa yeye. Mimi ndiye niliyekwambia siye."

"Yuko wapi yule?"

Wanawake wa jikoni waliinamisha vichwa. Jeneroza angeweza kusema alitupwa, angeweza kusema aliharibika.

"Tulimchemshia chai," alisema. "Ya msiba. Siku ileile."

Leokadia alishika benchi la mbele. "Nami niliinywa," alisema.

 Alitoka kwenye benchi, akapita kando ya sanduku bila kumgusa mtu, akaelekea stoo. Jeneroza aliinuka akamfuata, na Editruda nyuma yake, na baada yao, mmoja mmoja, wanawake wengine waliozika tangu siku ya Kalokola. Walimkuta Leokadia amesimama mbele ya kioo. Alikiondoa kitenge. Akakikunja vizuri, mara mbili, akaketi nacho mapajani kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa.

"Binti," alimwambia Editruda. "Nionyeshe mume wangu."